Kiwanja kwa Gari Jekundu

Korogwe aliwahi kuwepo tajiri Makupa, aliyekimezea mate kiwanja cha Chausiku, muuza supu, ambaye hakuwa na kingine duniani. Siku moja alimjia na gari kuukuu la spoti kutoka Japani, jekundu kama pilipili.

"Binti, tubadilishane. Kiwanja kiwe changu, gari liwe lako."

"Mzee, si litanimaliza kwa mafuta?"

"Hili? Linanusa tu!"

"Na likiharibika?"

"Haliharibiki! Likidai hata skrubu, nalipa mimi, maisha!"

"Basi rudia mbele ya mjumbe wa mtaa, nisije nikachekwa."

Makupa akarudia, kifua mbele. Chausiku akapakia sufuria, gari likaondoka likinguruma.

Tangu hapo alipeleka supu Lushoto kila asubuhi, mlima kwa mlima. Klachi ikafa, giaboksi ikafuata, vipuri vikaagizwa Japani, na kila fundi alipodai, mjumbe alimkumbusha Makupa kiapo chake.

Mwishowe tajiri alikuja mbio. "Mwanangu, chukua kiwanja chako, nirudishie gari!"

"Gari nimeshalizoea, mzee," alisema Chausiku, akiwasha injini. "Kwanza kiwanja chenyewe hakina hata mgahawa."

Kesho yake Makupa alianza kujenga mgahawa.