Sakafu Isiyolia

Sogeeni karibu na moto. Mwenye usingizi aende akalale, maana kesi hii inataka watu walio macho. Mimi imenishinda. Nimewapa wengi, wakagombana mpaka chai ikapoa, wakaniachia hivyo hivyo.

Kule Mufindi kwenye ukungu alikuwako fundi seremala, Mzee Kaduma. Alifundisha watu wengi, lakini watatu ndio waliokuwa na kipaji hasa. Gaudensi alikuwa na kiganja: akigusa ubao, anakwambia kama bado una maji ndani. Aneth alikuwa na jicho: akilala kifudifudi kuitazama sakafu, anaona kijiinuko ambacho pima maji imekipita. Erasto alikuwa na sikio: ukitembea chumba cha pili, anajua ni msumari gani umelegea. Mkewe anasema ni mtu mgumu kuishi naye, na mimi namwamini.

Mzee Kaduma aliugua kifua na miguu, akawa wa kulala tu kwenye chumba cha ghorofani. Nyumba ni ya mbao, aliijenga mwenyewe ujanani, na sakafu ya chumba kile ilikuwa imechakaa. Ukikanyaga inalia. Ukiinua mguu inalia tena. Jambo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

"Watu wanakuja kunipa pole, sakafu inanitukana mbele yao," aliwaambia wanafunzi wake watatu. "Fundi mzima, chumba changu kinalia kama kitanda cha gesti. Sitaki kufa na aibu hii."

Akawaonyesha mbao za mninga alizokuwa amezitunza miaka mingi kwa ajili ya chumba hicho. Kisha akatoa randa yake, mpini umelika ukafuata umbo la mkono wake. Wote watatu walijifunzia randa hiyo, na wote waliitamani, tusidanganyane.

"Randa hii ni ya atakayeinyamazisha sakafu," akasema.

Wakamhamishia sebuleni, wakaanza kazi. Waling'oa sakafu ya zamani, wakatandika plaiwudi juu ya boriti. Mninga ungekuja juu yake baadaye, lakini kazi yote iko hapo kwenye plaiwudi. Ukikosea chini, mninga hautakuficha.

Gaudensi alizipapasa plaiwudi moja moja. Alipofika dirishani akasimama. "Hii imekunywa maji," akasema. Wenzake hawakuona kitu. Akaifunua, na kweli, upande wa chini ulikuwa umelowa kwa maji ya bati lililovuja, yakateremka ukutani. Akaliziba bati, akaitupa plaiwudi ile, akaweka nyingine. Kisha akauingiza mninga chumbani, akakataa usipigwe msumari mpaka mbao zote zikauke na kuizoea hewa ya mle ndani. Wenzake walinung'unika kwa kungoja, hakuwajali. Asingefanya hivyo, mbao zingesinyaa baadaye, zikaachia misumari, zikalia.

Aneth alilala kifudifudi. Pale plaiwudi zilipokutana, kingo zilikuwa zimevimba kidogo, akazipiga msasa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Palipokuwa na bonde akapajaza.

"Hapo hata sisi mafundi hatuoni kitu," Erasto alimwambia.

"Mguu utaona," Aneth akajibu.

Asingefanya hivyo, mninga ungenesa juu ya kila bonde, na ubao unaonesa hulia.

Erasto alivua viatu, akatembea huku amefumba macho. Aliposikia mlio hata mdogo, alipiga skrubu hapo mpaka ikaingia kwenye boriti. Plaiwudi zilizokuwa zikisuguana akazitenganisha kwa msumeno, upana wa ukucha tu. Asingefanya hivyo, ukavu wa Gaudensi na usawa wa Aneth vingekuwa kazi bure.

Mninga ukapigwa. Mzee akapandishwa, akatembea hadi dirishani na kurudi huku amemwegemea mkewe, Bi Asteria. Sakafu haikutoa sauti. Mzee alitokwa na machozi mbele yetu sote, maana siku hiyo nami nilikuwapo.

"Haya, nani ameinyamazisha?" akauliza.

"Ni ukavu, Mzee," Gaudensi akasema.

"Ni usawa," Aneth akasema.

"Ukavu na usawa vilikuwapo, bado ikawa inalia," Erasto akasema. "Mimi ndiye niliyeifunga mdomo."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mnanichanganya. Ngojeni nipate nguvu kidogo, niitembee peke yangu bila kelele zenu, ndipo niseme."

Sasa sikilizeni jambo ambalo hakuna aliyelijua. Jiko la Bi Asteria liko chini ya chumba kile. Tangu mumewe augue, kila asubuhi alikuwa akipika uji huku ameitegea sikio sakafu. Ikilia, anajua Mzee ameshusha miguu, anaacha mwiko, anapanda kumshika mkono. Mlio ule uliomwaibisha mume ndio uliokuwa ukimwita mke. Hakumwambia, kwa sababu alimwona amefurahia sakafu mpya, akaona haya kumharibia.

Asubuhi moja uji uliiva, akangoja. Akadhani Mzee bado amelala. Ukapoa, akaupasha, akangoja tena. Alipopanda alimkuta ameketi chini ya dirisha, ameegemea ukuta, hana pumzi. Alikuwa ameamka kuitembea sakafu yake ili apate kuamua.

Labda angekufa hata hivyo, kifua kilikuwa kibaya. Lakini angekufa ameshikwa mkono, na hilo linaniuma mpaka leo.

Baada ya maziko Bi Asteria aliwaketisha wale watatu mkekani, akawaeleza habari ya uji, kisha akaiweka randa katikati yao.



"Mimi nilikausha mbao tu, Mama," Gaudensi akasema. "Ubao mkavu nao hulia."

"Mimi nilisawazisha tu," Aneth akasema. "Sakafu iliyosawazishwa nayo hulia."

Erasto aliinama. "Mimi nilikuta kazi ya wenzangu."

"Juzi kila mmoja alisema kimya ni chake," Bi Asteria akasema. "Leo kimekosa mwenyewe. Mume wangu aliacha neno, na sitalizika pamoja naye. Mmoja wenu atatoka hapa na randa hii."

Hakuna mkono uliosogea. Kisha Erasto akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nikulegezee skrubu mbili pale dirishani? Italia kama zamani."

"Atakanyaga nani, mwanangu?" Bi Asteria akamuuliza.

Nimewaeleza yote. Wapo wanaosema Erasto amekiri, achukue. Wengine wanasema huyo ni mwenye huruma tu, na huruma si ushahidi. Wapo wa Gaudensi na wapo wa Aneth. Msiniambie wagawane, randa haigawanyiki. Wala msiniambie abaki nayo mjane, maana amekataa kulala nyumba moja nayo. Atakayeichukua anachukua sifa ya ile kazi, na anachukua pia ile asubuhi.

Bi Asteria bado ameketi, anangoja jibu. Ungekuwa wewe kwenye mkeka ule, ungemkabidhi nani?