Kibao cha Mzeituni Mkongwe

Sogeeni karibu, na anayetafuna amalize kwanza, maana mwishoni nina swali na sitaki kujibiwa na mdomo uliojaa.

Walikuwepo watu watatu wa Iramba, wakamuaji wa alizeti katika kinu cha parokia. Damari alijaliwa masikio: mashine ikinguruma vizuri kwa watu wote, yeye alishasikia inakolegea. Msengi alijaliwa mikono: gunia la alizeti kwake lilikuwa kama mto wa kulalia. Yusta alijaliwa ulimi. Kwa tone moja alikwambia mbegu zilinyeshewa au la, na aliloliona alilisema, hata pale ambapo kunyamaza kungekuwa sadaka.

Parokia rafiki ya Italia ikawaalika. Siku moja Padre Bonifasi, mtu wa kwao aliyekuwa masomoni huko, akawapeleka kilimani kwa Mzee Ottavio, mkamuaji wa mafuta ya zeituni, waende asubuhi warudi jioni.

"Dada Yusta, leo usituletee maneno yako," Damari alimwonya njiani. "Sisi ni wageni."

"Leo mimi bubu. Nikisema neno, nitozeni kuku."

"Kuku mwenyewe utamtoa wapi huku?" Msengi akauliza.

Mzee Ottavio akawatembeza shambani. Baadhi ya mizeituni ilikuwa na vibao, na kila kibao kilibeba jina la mtu mmoja aliyeitendea nyumba ile jambo kubwa. Huyu mkunga, yule jirani aliyezima moto. Mwenye jina hupelekewa mafuta ya mti wake kila mwaka, na msimu wa mavuno huitwa, nauli juu ya nyumba, aje akae kinuni na kukamua pamoja nao. Mti mkongwe kuliko yote, kibao chake kilikuwa kitupu.

Yusta akakitazama kile kibao mpaka wenzake wakamtangulia. Kinu chao cha nyumbani kilikuwa kinatoa mafuta machafu mwaka wa tatu huo, na wakulima walishaanza kukikimbia. Msimu mmoja tu hapa ungemfundisha yote.

Ndani wakaonyeshwa matangi ya chuma, marefu kuliko mtu. Mirella, binti wa mzee, akaeleza kwamba juu ya mafuta hujazwa gesi isiyo na harufu ili hewa isiyaharibu. Kwa hiyo mfuniko haufunguliwi, mafuta huchotwa kwa bomba la chini.

Kisha wakakaribishwa nje, kwenye mkate na vikombe vidogo vya mafuta mapya. Yusta akaonja. Machungu, tena yakamwasha koo. Kwao, mafuta yanayowasha koo yameoza. Akakumbuka kuwa yeye ni bubu, basi akageuka pembeni, akayatema kwenye pindo la kanga. Hakuna aliyemwona ila mwenye mafuta. Mzee Ottavio akaiva uso, akachukua upawa, akaingia ndani bila neno.

"Mafuta mazuri ya zeituni lazima yawashe koo," Mirella alikuwa akisema, na Padre akitafsiri. "Yasiyowasha ndiyo mabovu."

Yusta akatamani ardhi immeze.

Damari ndiye aliyeinua kidole. "Upawa umeanguka." Watu wakaendelea kumcheka Msengi na kipande chake cha nne cha mkate. "Nasema umeanguka kwenye chuma, na hakuna aliyeuokota." Akainuka, mkate mkononi, akakimbilia ndani, ndipo wakamfuata. Kama si masikio yale, wangeendelea kula.

Mzee alikuwa juu ya ngazi, amelala kifudifudi kwenye tangi, kichwa na mabega vimezama mdomoni mwa tangi, miguu inaning'inia. Msengi alishafika ngazi ya juu, anainama.

"Msengi, bana pumzi," sauti ya Yusta ikapasua chumba. "Usivute hewa ya humo."

Baba yake Yusta alikuwa mchimba visima. Kabla ya kushuka aliteremsha kibatari, na kikizimika hewa hakuna, hashuki mtu, kwa sababu aliwahi kuwazika ndugu wawili wa kisima kimoja, wa pili akimfuata wa kwanza. Kama si ulimi ule, tangi lingepata wawili.

Msengi akageuza uso, akajaza kifua, akafumba mdomo. Akapenyeza mikono, akamshika mzee kwapani. Mafuta yakamtelezesha, mzee akaponyoka. Akamshika tena, akamng'oa, akashuka naye begani kwa pumzi ile ile moja. Kama si mikono ile, wangebaki kupiga mayowe.

Wakamlaza majanini. Mzee akakohoa. Padre alikuwa ameinua mkono wa ishara ya msalaba, akausahau hewani. Mkate wa Damari ulikuwa umegeuka donge kwenye ngumi yake.

Daktari akaja, akasema atapona. Jioni mzee, blanketi magotini, akasema, "Kibao kimepata mwenyewe. Lakini jina ni moja, ndivyo alivyoapa babu yangu. Niambieni ni la nani, kabla hamjaondoka."

"Mimi nilivuta tu," Msengi akasema. "Na mimi ningekuwa maiti. Aandikwe dada Yusta."

Damari akaitikia kwa kichwa. Yusta akaona kinu chao kikitoa mafuta safi. Angeweza kunyamaza. Mzee alimtazama, wala hakulitaja lile la pindo la kanga.

"Padre, tafsiri bila kupunguza," Yusta akasema. "Niliyatema mafuta yake. Aliniona. Ndiyo sababu alipanda kule."

Padre akatafsiri. Mirella akamgeukia baba yake.

"Nilimwona," mzee akasema. "Nilikwenda kumchotea yaliyo bora zaidi, yamsute. Bomba la tangi lile lilikuwa limeziba, nami hasira haikuningoja. Lakini ngazi niliipanda kwa miguu yangu, na mfuniko niliufungua mimi."

"Ulimi ule ule," Damari akanong'ona.

Mirella akaleta brashi na rangi, akaviweka mezani. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Nami nakiri mbele ya Mungu, kila nikiisimulia hadithi hii naandika jina jingine. Bila Damari mzee amekufa. Bila Msengi amekufa. Bila Yusta wamekufa wawili, na bila Yusta asingepanda hata mmoja. Gari linanguruma, rangi inakauka. Haya, shika brashi wewe: ungeandika jina la nani, na wale wawili uliowaacha ungewaambia nini njia nzima ya kurudi?