Vinguo vya Mtoto Aliyekawia

"Toa hivyo vinguo vyako, Mama Kesho! Mashuka yangu niyaanike wapi, kichwani?"

"Kamba ni ya wapangaji wote, Mama Pacha. Na mimi ndiye niliyewahi kuamka."

"Umewahi kuamka kumfulia nani? Huyo mtoto yuko wapi? Mwaka wa tatu huu unaanika soksi za hewa!"

Vicheko vikapasuka milangoni. Ua ule ulikuwa na vyumba vinane na kamba moja, na siku ya ugomvi hakuna aliyejali sufuria yake motoni. Mama Kesho alibana kibanio cha mwisho kwenye kigauni kisichozidi kiganja cha mkono, akajiingilia chumbani kwake. Huko ndiko machozi yalikomshinda.

Jina lile la Mama Kesho alibandikwa na Mama Pacha huyohuyo, kwa dhihaka. Mwenyewe alikuwa msusi, na mumewe alikuwa fundi bomba. Baada ya miaka tisa ya ndoa bila mtoto, waliomba wapewe mtoto mmoja kutoka kituo cha kulelea watoto, awe wao wa maisha. Wakaonyeshwa msichana wa miezi minane, naye akakishika kidole cha msusi, asikiachie mpaka usingizi ulipomchukua. Kisha afisa ustawi wa jamii akafunga faili. Sheria ilitaka ndugu wa mtoto watafutwe kwanza, na hadi wapatikane au wakosekane, wawili hao wasimtembelee, mioyo isije ikafungamana halafu ikatenganishwa. Tangu siku hiyo, kila aliyemuuliza msusi mtoto anakuja lini alijibiwa, "Kesho, Mungu akipenda."

Kila Majilio, yaani zile wiki nne za kuingojea Krismasi, alivitoa vinguo sandukuni, akavifua, akavianika. Hiyo ndiyo iliyokuwa sala yake. "Mungu aliwaahidi watu Mkombozi," alipenda kuwaambia wateja wake, "wakangoja vizazi na vizazi, na ahadi haikuoza. Mimi ni nani nilalamikie miaka mitatu?" Lakini mwaka huu maneno ya jirani yalimchoma kama sindano ya kushonea nywele.

Jioni mumewe alimkuta ameketi kitandani, vinguo mapajani.

"Mke wangu, tuvigawe hivi. Moyo nao huchakaa kama mpira wa bomba. Na tuseme ukweli, Mungu alituahidi lini sisi?"

"Aliahidi kuwakalisha wapweke nyumbani."

"Lini?"

"Tarehe hakutaja," alisema msusi, na wote wawili wakajikuta wanacheka huku wamelowa macho. Vinguo vikarudi sandukuni.

Mkesha wa Krismasi ulipofika, msusi hakuwa na nafasi ya kupumua. Tangu alfajiri baraza lake lilijaa vichwa vinavyotaka kupendeza kanisani. Saa nane mchana alikuwa na mteja aliyesukwa nusu, nusu nyingine imesimama kama kichaka, mara lango likalia. Aliingia afisa ustawi, amemshika mkono msichana mwenye umri unaokaribia miaka minne, anayetafuna kola ya gauni lake.

"Nimekupigia simu tangu asubuhi, hushiki!" afisa alisema huku akipangusa jasho.

"Mikono ilikuwa kichwani mwa mtu, bosi." Msusi alichungulia nyuma ya afisa, akimtafuta aliyembeba mtoto. "Mtoto yuko wapi?"

"Si ndiye huyu! Ndugu hawakupatikana, na jana mahakama iliwapa ninyi. Au ulidhani atakungoja na miezi yake minane?"

Chanuo likamponyoka msusi mkononi. Miaka mitatu alikuwa amefua vinguo vilevile, na wala hakuwahi kufikiri kwamba mtoto anayengojewa naye anakua! Akapiga magoti. Mtoto alimtazama, akamtazama na mteja mwenye kichaka, kisha akatapika. Gari lilikuwa limemchosha. Gauni likaharibika lote, nalo ndilo pekee alilokuja nalo.

Afisa alipoaga, msusi aliwaomba wateja wamsamehe, akamwogesha mtoto na kumjaribishia vile vinguo. Kofia ilikaa juu ya kichwa kama kizibo cha chupa juu ya sufuria. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka. Fundi bomba aliporudi kutoka kazini alimkuta ndani ya shati lake, mikono ikiburuzika chini. Akaegemea ukuta.

Hapo msusi akauendea mlango ambao hakutaka kuubisha.

"Mama Pacha, mtoto amekuja. Hana nguo."

"Na zile zote?"

"Hazimtoshi. Amekua."

Mama Pacha, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alijifunika mdomo kwa upande wa kanga. "Rudi kwako," alisema kwa sauti nyembamba. "Nakuja."

Lakini hakuja upesi. Jua likashuka, sahani zikapangwa. Fundi bomba, asiye mtu wa maneno, alisimama kuomba, akasema, "Asante." Kisha akalirudia neno hilo, tena na tena, mpaka mtoto akauliza kama sala ile ina mwisho. Walikuwa bado wanacheka Mama Pacha alipotokea mlangoni na binti zake pacha, mikononi magauni manne yaliyopigwa pasi yakanyooka kama karatasi.

"Nimechelewa, jirani. Nilikuwa napunguza urefu, pacha wangu wamemzidi kimo." Akainamisha uso. "Tena nimechelewa hata kukuomba radhi. Nilikucheka mbele za watu. Pokea tu, mimi sikai."

Msusi aliyapokea magauni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamshika Mama Pacha kiwiko na kumvuta ndani.

"Utakaa. Leo nyumba hii haina aliyechelewa, wewe wala huyu binti yangu. Sogeeni, wanangu, mpisheni mama yenu. Karibu ule, jirani. Wahenga hawakukosea waliposema: kawia ufike."