Njia ya Gari ya Mzee Kajiru

Zege hukomaa kwa maji, si kwa jua. Ndiyo, nimesema hivyo na nitasema tena. Mmeshika mafagio kama mlioshikishwa nyoka, mnanung'unika kwamba zege ni zege, lilishakauka zamani, ya nini kulihangaikia. Haya, wekeni mafagio chini kidogo. Mnauliza methali hii imetoka wapi? Imetoka hapa hapa mlipokaa, na mwanzo wake ni huu.

Zamani mteremko huu ulikuwa utelezi mtupu. Mnaujua udongo wetu wa Upareni ukinyeshewa: hata mbuzi anashuka kwa matako. Nyumba hii ilikuwa ya Mzee Kajiru, mkuu wa ndiva. Ndiva ni lile bwawa la kule juu linalokusanya maji ya mfereji, na yeye ndiye aliyekuwa akilizibua na kugawa zamu za kumwagilia mashamba. Wakati wa Kajiru hakuna aliyethubutu kuiba zamu ya mwenzake. Angekiona cha mtema kuni!

Kisha miguu ikamgomea. Vijana wakawa wanambeba mgongoni kumpeleka kwenye vikao vya maji, hadi siku moja wakateleza naye, wakabwagana matopeni, na watu wakacheka. Mzee akaapa.

"Mimi Kajiru sibebwi tena kama mkungu wa ndizi. Nitatoka hapa nimekaa kama mtu, au sitatoka kabisa."

Na kweli hakutoka. Vikao vikafanyika bila yeye. Binti yake Nakundwa, mshona nguo aliyekuwa akiishi naye, akawa anamwona baba yake ananyauka kitini huku maji yake yakigawiwa na wengine. Ilimuuma sana. Akaamua kwamba liwe liwalo, gari litafika mlangoni kwa baba. Akamuuza mtamba wake, akaanza kutafuta fundi wa kumwaga zege.

Wa kwanza alikuja na maneno matamu, akaahidi kuanza kesho yake. Nakundwa akamuuliza atafanyaje na udongo huu unaoteleza. Akacheka: "Dada, zege likishakaa juu, udongo utasema nini?" Nakundwa akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani, na habari yake ikaishia hapo.

Wa pili, Fundi Mbonea, hakuwa na maneno mengi. Alimwambia tu, "Kaikague njia niliyoimwaga pale zahanati, halafu uniite." Nakundwa akaenda mvua ilipokatika. Akatembea juu yake, akainama kutazama kingo, akawauliza wahudumu imekaa miaka mingapi. Aliporudi alikuwa ameshaamua.

Mbonea akachimba, akapanga mawe, akashindilia mpaka majirani wakalalamikia kishindo. Akamwaga kipande cha juu, hapa mlangoni, akakichora mistari ya kukikata vipande vipande. Nakundwa akashangaa mbona anaichana kazi nzuri. "Lazima litapasuka, dada," akasema. "Heri lipasuke ninapoliambia mimi." Mchanga ukaisha, ikabidi kusubiri mwingine. Akafunga vifaa vyake aende kazi nyingine, akaacha agizo moja: "Linyweshe. Asubuhi, mchana, jioni. Zege lisione kiu."

Ilikuwa kiangazi kikali. Nakundwa alipochota ndoo ya kwanza, sauti ikatoka kibarazani.

"Unapeleka wapi hayo maji?"

"Kwenye zege, baba. Fundi amesema..."

"Fundi amesema! Maharage yanakufa shambani, watu wanalala macho wakisubiri zamu, na nyumba ya mkuu wa ndiva inanywesha jiwe? Watanicheka mara ya pili. Rudisha ndoo! Jua lipo, litalikausha bure."

Mngefanyaje nyie? Alikuwa baba yake, tena kwa maji hakuna aliyembishia Kajiru. Akairudisha ndoo. Jua likawaka, zege likawa jeupe na gumu kwa kulitazama, na mzee akaridhika.

Mbonea akarudi pamoja na lori la mchanga. Hakusalimia mtu. Alipiga goti, akalikwaruza zege kwa msumari, likatoka unga kama wa sembe. Mistari aliyoichora ilikuwa imezungukwa na nyufa nyembamba kila upande.

"Nani kaliua hili?" akauliza.

Nakundwa akainamisha kichwa. Hakutaka kumtaja baba yake mbele ya mgeni. Lakini Mzee Kajiru hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya mtoto.

"Ni mimi. Nililiacha likauke."

"Shikamoo, Mzee," Mbonea akasema, sasa akikumbuka adabu. "Zege si matope, Mzee. Matope hukauka. Zege linakua. Lile vumbi la saruji linakula maji ndani kwa ndani, na siku zile za kwanza ndipo linapopata nguvu. Ukilinyima, linabaki changa maisha yake yote. Gari likipita hapa, litakuwa kokoto."

Mzee akapiga kiti kwa kiganja.

"Kumbe nalo ni shamba! Miaka yote nagawa maji, halafu nimelinyima shamba langu mwenyewe. Nakundwa, beberu wangu auzwe. Kosa langu, gharama yangu. Fundi, livunje, umwage upya. Na zamu ya kumwagilia naishika mimi."

"Baba, na maji je? Maharage..."

"Maji ya bure yako wapi hapa kwetu? Mgombani! Kateni migomba iliyokwisha kuzaa, mpasue mashina, myalaze juu ya zege lote. Shina la mgomba ni mtungi."

Ikafanywa hivyo, na safari hii zege likamwagwa kutoka mlangoni hadi barabarani. Kiti cha mzee kikawekwa pale juu kabisa, ndoo mkononi mwake na kopo ndani ya ndoo. Akimwaga kopo moja, maji yanateremka taratibu chini ya mashina ya mgomba mpaka barabarani, hayapotei hata tone. Alihesabu maji yake kama alivyoyahesabu kule ndiva. Majirani walicheka, "Kajiru anapalilia jiwe!" Naye akajibu, "Chekeni, mtakuja kukanyaga." Mashavu ya mzee yakajaa tena. Nakundwa alikuwa akishona huku anamsikia baba yake akiimba, akafurahi hadi machozi.

Vuli ikaja kwa kishindo. Siku ya kuzibua ndiva, wazee wa maji walituma pikapu. Watu walijipanga huku na huku kuona kama itateleza. Ikapanda moja kwa moja hadi mlangoni, ikageuza, ikamchukua mzee amekaa mbele, kofia kichwani. Jirani mmoja akapaza sauti, "Hongera, Mzee! Jua la mwaka huu limewakaushia vizuri!"

Kajiru akamwamuru dereva asimame, akateremsha kioo.

"Jua lilitaka kuniharibia. Zege hukomaa kwa maji, si kwa jua. Na maji hayo nimeyamwaga mimi!"

Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Tangu hapo, mtu akioa akamsahau mke, au akianzisha jambo akaliacha lijikuze, ndivyo anavyoambiwa hapa.

Njooni muone hapa pembeni. Hiki kipande kidogo kama kiganja, mzee alikataa kisivunjwe. Pitisha kidole. Umeona kilivyobaki na unga? Hicho kililelewa na jua. Zege lote lililobaki lililelewa na huyo Kajiru, babu wa babu yenu, na kila baada ya mvua alisafishisha mfereji huu wa kando ya njia, wa kupitishia maji ya mvua, na kuziba kila ufa ungali mdogo. Ndiyo maana hadi leo gari linapanda.

Mnacheka? Haya, sasa hakuna anayeuliza ya nini kulihangaikia. Shikeni mafagio, mfereji umejaa majani. Zege hukomaa kwa maji, si kwa jua.