Herufi M Mbili

Wahenga walituachia methali kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na wengi wetu huitumia kama onyo: ukimwona mtu amenyamaza, jihadhari naye, kuna jambo analipika. Ni kweli, lakini si kweli yote. Wako wanaonyamaza kwa heshima, wako wanaonyamaza kwa aibu, na ziko mashine zinazonyamaza kwa sababu tu zimeguswa mahali pasipofaa. Siku kimya cha namna zote tatu kilipokutana katika chumba kimoja, mtaa mzima ulisikia.

Katika nyumba ya tatu kutoka kona alikaa mwanamume ambaye majirani walimwita Masikio. Macho yake yalikuwa yamezimika miaka sita nyuma kwa maradhi, na tangu hapo masikio yakabeba kazi yote. Angeweza kukwambia nani yuko mlangoni kabla hajabisha hodi, na kama kisigino cha kiatu chake kimelika. Kabla ya maradhi alikuwa karani wa kuandika kumbukumbu za mikutano. Macho yalipoondoka, yaliondoka na kazi.

Kilichobaki ni kompyuta mpakato kuukuu, bawaba moja imeachia na herufi nusu zimefutika kwenye vitufe. Mwingine angeitupa jalalani. Lakini rafiki mmoja mwema aliiwekea mfumo wa Linux, ambao hauchagui mashine, mpya au kuukuu, na ndani yake programu ya kusoma kwa sauti kila kinachoandikwa kwenye skrini. Sauti yenyewe ilikuwa ya kike, ya puani, na ilisema tangu asubuhi hadi jioni bila kuulizwa. Mke wa Masikio, muuguzi aliyependa utani, aliipa jina la Shangazi. "Shangazi ameshaamka? Mbona simsikii akitusema?" angeuliza akivaa viatu vya kazini. Masikio alicheka, lakini moyoni alimshukuru Shangazi kila siku ya Mungu, maana ndiye aliyemrudishia kusoma na kuandika.

Nyumbani hapo alikuwapo pia mama mkwe. Alikuwa amehamia kwao miezi minne iliyopita, baada ya kustaafu ushonaji katika kiwanda cha mashati. Maneno yote aliyomwambia mkwewe tangu aje yangeenea kwenye kisanduku cha kiberiti. Masikio akimwamkia, alijibu, "Marahaba." Mchana, "Chakula tayari." Usiku, "Lala salama." Basi. Alitembea kwa kunyata, akaweka vikombe mezani kama anayeweka mayai. Kwa mtu anayeishi kwa sauti, kimya hicho kilichoma. Masikio alijiambia kwamba mama huyu amemchoka kabla ya kumzoea. Binti yake aliolewa na mwanamume mwenye macho mawili, leo anamshika mkono kuvuka barabara. Nani angefurahia hilo?

Ikafika Alhamisi ambayo Masikio alikuwa ameihesabia siku kwa vidole. Ofisi moja ilikuwa inatafuta karani wa kuandika rekodi za mikutano, akifanyia kazi nyumbani kwake. Nafasi ilikuwa moja, waombaji sita. Saa nne kamili kila mmoja angetumiwa rekodi ya sauti, na airudishe ikiwa imeandikwa kabla ya saa sita. Atakayechelewa, asijisumbue.

Saa mbili asubuhi mke alikuwa ameshaondoka kwa zamu yake. Masikio akakaa mezani, akanyoosha vidole, akawasha mashine. Feni ikavuma. Joto likaanza kupanda chini ya kiganja chake. Akasubiri Shangazi amsalimu.

Shangazi hakusema kitu.

Akazima, akawasha tena. Kimya. Akabonyeza vitufe vya kuongeza sauti mpaka kidole kikauma. Akabonyeza kile cha kunyamazisha na kurudisha sauti, mara moja, mara mbili, mara nne. Kimya kama cha kaburini. Jasho likamtoka. Bila sauti, ile haikuwa kompyuta kwake, ilikuwa sinia la plastiki lenye joto. Akampigia mkewe kwa simu yake ya vitufe. Simu ikaita wodini bila kupokelewa. Ndipo akampigia fundi wa simu na redio wa pale kona, aliyejulikana kwa jina la Miamia, kwa kuwa kwake kila kitu kilikuwa mia kwa mia.

Miamia alifika akiongea tangu barabarani. "Kaka Masikio, ondoa hofu! Nimefika mimi, shida imehama! Mashine gani hii inayokugomea siku ya mtihani? Haina adabu!"

"Fundi, nina saa moja na nusu tu," Masikio alisema. "Mimi ninaijua amri ya kufungua vipimo vya sauti. Nitaandika kwa vidole, wewe nisomee unachokiona."

"Andika, kaka. Macho yangu ni yako leo."

Masikio akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika, akabonyeza. "Unaona nini?"

"Naona nguzo tatu zimesimama. Ya kwanza imeandikwa Master, huyo ndiye bwana mkubwa wao. Ya pili ni ya spika za masikioni. Ya tatu ndiyo spika yenyewe."

"Na chini ya nguzo?"

"Chini ya hizi mbili, mzima mzima! Hazina neno. Mgonjwa ni bwana mkubwa. Masikini, ana sifuri sifuri."

Masikio alidhani "mzima mzima" ni mbwembwe za fundi tu, maana Miamia hakuwa na uhaba wa mbwembwe. Hakuuliza zaidi. Fundi akapandisha nguzo zote kwa mshale. "Zinapanda, kaka! Kijani, nyeupe, nyekundu! Zote mia!" Kisha akamhurumia bwana mkubwa na sifuri zake, akajaribu kitufe hiki na kile mpaka akapatia. "Ahaa! Naye nimemponya. Sasa zote tatu mzima mzima!"

Wakasikiliza. Feni peke yake ndiyo iliyojibu.

"Basi ugonjwa umo ndani," Miamia alitoa hukumu bila kupumua. "Au spika zimeungua, au ni huu mfumo wako wa bure, maana cha bure nacho, we acha tu. Ninakimbilia diski yangu dukani. Nafuta kila kitu, naweka mfumo mwingine, masaa matatu tu, mia mia!"

"Masaa matatu? Na Shangazi je? Na kazi zangu zilizomo?"

Lakini fundi alikuwa ameshatoka, na nyayo zake zilikuwa zinashuka ngazi mbili mbili. Masikio akapapasa saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa tatu na nusu. Akaweka paji la uso juu ya meza. Alitamani kulia, akaona haya, maana alijua hayuko peke yake. Muda wote alikuwa akiisikia nguo ya mama mkwe karibu na mlango, na mara moja alimsikia akikohoa kikohozi cha mtu anayetaka kusema akasita. Anatazama aibu yangu, Masikio aliwaza kwa uchungu.

"Mwanangu."

Nusura aanguke kutoka kwenye kiti. Mama mkwe hakuwa amewahi kumwita hivyo.

"Naam, Mama."

"Kosa ni langu." Sauti ilikuwa inatetemeka. "Jana jioni niliipangusa vumbi hiyo mashine. Kitambaa kikapita kwenye vitufe vya juu, nikaona kitaa kimewaka chekundu. Nikabonyeza palepale tena, kitaa kikazimika. Nikasema moyoni, yameisha. Tangu asubuhi nawasikia mnahangaika, na ulimi umeniganda. Nisamehe, baba."

Hasira ilimpanda Masikio hadi kooni, wala sitamsingizia upole. Dakika tisini zimepita! Lakini aliisikia ile pumzi ya bibi mzima anayengoja kukaripiwa, na hasira ikamwishia nguvu. "Mama, umefanya vyema kuniambia. Nionyeshe kitufe chenyewe."

Mkono mkavu, wenye ncha za vidole zilizosuguka kwa sindano, ukakishika kidole chake na kukiweka mahali. Masikio akatikisa kichwa. "Hiki ni cha kuifanya bubu. Ukibonyeza inanyamaza, ukirudia inasema. Nami nimekibonyeza asubuhi hii mpaka basi. Ajabu ni kwamba haikurudi."

"Hilo neno la bubu, wenye mashine yao wanaliitaje?"

"Mute."

"Linaanza na herufi gani?"

"M, Mama."

Bibi akaisogelea skrini. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani ambacho Masikio hakujua kama kimo ndani ya nyumba ile.

"Mwaka wangu wa kwanza kiwandani," alisema, "nilipewa kushona lebo za kola. Nikapewa lebo zenye M. Nikasema, hii haihitaji shule, M ni mkubwa. Nikazishona kwenye mashati makubwa yote, mapana kama mapazia. Yakauzwa, yakarudi! Kumbe M yao ni ya kati. Msimamizi alinisema mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo, nikiiona M kwenye kitu cha wageni, siisomi kwa Kiswahili."

"Mama, sijakuelewa."

"Fundi wako hakukusomea, alikutafsiria. Hapa hapajaandikwa mzima. Nina miwani yangu, naona vizuri. Chini ya kila nguzo kuna herufi M mbili. Na mashine hii ni ya Kiingereza, mwanangu. Neno mzima italijulia wapi?"

Masikio akashika kichwa kwa mikono miwili. Kila kitu kikajipanga. Kile kitufe kilizinyamazisha nguzo zote tatu. Kilipobonyezwa mara ya pili kikamfungua bwana mkubwa peke yake, spika ikabaki bubu. Mashine kuukuu nyingine zina ukaidi huo. Kisha akaja fundi mwema, akaiona nguzo pekee iliyokuwa wazi, akaifunga nayo!

"Mama, alama iko kwenye nguzo ipi sasa?"

"Ya kwanza."

Akabonyeza M, kitufe cha kufunga na kufungua. "Sasa?"

"Zimeondoka. Kuna sifuri mbili, kama macho yaliyofumbuka."

Mshale kulia, M. "Sifuri mbili." Mshale kulia tena, M. "Sifuri mbili, mwanangu. Wote wameamka."

Masikio akaweka vidole kwenye vitufe vitatu vya kumwamsha Shangazi, akasema bismillahi kimoyomoyo, akabonyeza. Alichosahau ni kwamba Miamia alikuwa amepandisha kila nguzo mpaka mia.

"KISOMA SKRINI KIMEWASHWA!"

Dirisha lilitetemeka. Kikombe kikaanguka. Mama mkwe akapiga ukelele, "Mama weee!" akamkumbatia mkwewe shingoni bila kujua anachofanya. Mbwa wa jirani akabweka, na ngazi zikalia kwa miguu ya Miamia aliyerudi mbio na diski yake mkononi akiuliza nani amevamiwa. Masikio alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Hakukuwa na sauti ya kinanda wala zeze aliyowahi kuipenda kama ule ukelele wa puani.

"Sauti imerudi, fundi," alisema akifuta uso. "Na ahsante, ndugu yangu. Usingezipandisha mia, tusingejua kama imerudi sana hivi."

"Si nilikwambia?" alisema Miamia. "Mia mia!" Akaondoka na diski yake, kifua mbele.

Bado dakika kumi na mbili kufika saa nne. Masikio akaishusha sauti, akamgeukia mama mkwe aliyekuwa anaokota vigae vya kikombe. "Mama, kwa nini miezi minne yote hukunisemesha? Nilidhani umenichukia."

Vigae vikatulia. "Nikuchukie? Binti yangu aliniambia mumewe anafanya kazi kwa masikio. Nikasema, basi nikipiga domo namwibia chombo chake cha kazi. Nikajizuia. Wallahi, nilikuwa nakufa kwa maneno."

Masikio alitafuta mkono wa mama mkwe, akaupata, akaubusu. "Ahsante, Mama," alisema. "Ahsante kwa kimya chako, na ahsante zaidi kwa leo."

Saa nne rekodi ikaingia. Aliiandika neno kwa neno, akairudisha saa sita kasoro robo. Saa nane barua pepe ya jibu ikaingia, na Shangazi akaisoma kwa pua yake ileile: wameridhika, aanze kazi Jumatatu.

"Mwambie arudie," alisema mama mkwe. "Sikusikia vizuri." Akarudia mara tatu, na kila mara bibi alidai hakusikia vizuri.

Jioni mke alirudi, akasimama mlangoni na mkoba begani. Mama yake alikuwa anasimulia habari za mashati yaliyorudishwa, anaruka hadi msimamizi aliyekuwa na masharubu, anarudi kwenye mashati, wala hapumziki. Na mumewe amekaa miguuni pake, anasikiliza kama mtoto.

"Jamani!" aliuliza. "Mmemfanya nini mama yangu?"

"Alikuwa na M mbili," Masikio alijibu. "Tumezibonyeza."

Naye bibi hakutua hata ili acheke, akaendelea na hadithi yake mpaka chakula kikapoa. Kwani kimya kingi, kama walivyonena waliotutangulia, kina mshindo mkuu.