Tone Mkononi mwa Dada

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mwanamke mwenye wajukuu, aliyeamua kujifunza kuchora kwa rangi za mafuta. Alitaka kitu kimoja tu: amchore dada yake. Walikuwa hawajasemeshana miaka sita, kwa sababu ya maneno ambayo fundi mwenyewe aliyatamka kwenye msiba wa mama yao, na sasa dada alikuwa anahamia mbali kwa mwanawe. Fundi alitaka kumpelekea picha kabla hajaondoka, maana mdomo wake ulikuwa mzito kuomba radhi.

Mwalimu akamwambia, "Kwa kuanzia, rangi tano zinatosha. Nyeupe, njano, nyekundu, buluu na ya udongo. Nyingine utazichanganya mwenyewe."

Tano? Mtu aliyezoea kwenda dukani na kipande cha kitambaa kutafuta uzi wa rangi ileile, tano zitamtosha wapi? Akanunua tyubu ishirini na mbili, kila kitu na tyubu yake. Iliyoandikwa rangi ya ngozi akaifinya, ikatoka ya waridi, si ya mtu yeyote wa ukoo wake. Basi akachukua nyeusi, kwa kuwa dada yake ni mweusi na jambo liko wazi, akachora kwa kukumbuka tu.

Ikatoka sura ya maiti. Aliiona, akaogopa.

"Nyeusi hii umeiona wapi usoni kwake?" mwalimu akauliza.

"Si ndivyo alivyo?"

"Iweke kando, mama. Chukua zile tano, ukachanganye mbele yake."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alizungukazunguka siku tatu bila kuthubutu, na ya nne akabisha hodi kwa dada yake, ubao wa rangi kwapani.

"Umefuata nini?" dada akauliza.

"Nimekuja kukuangalia, dada. Nimesahau ulivyo."

Dada akasogeza kiti penye mwanga wa mlango, akakaa.

Fundi akachanganya udongo na nyekundu, wekundu ukazidi. Akaupoza kwa buluu, akaongeza njano kidogo. Kila mara alipaka tone mkononi mwa dada yake, kama anavyolinganisha uzi na kitambaa. Tone la tisa likapotea kabisa kwenye ngozi. Na kwa kuwa fundi haondoki bila sampuli, akapaka jingine mkononi mwake mwenyewe. Nalo likapotea.

Dada akautazama ule mkono wa fundi. "Kumbe rangi yangu ulikuwa nayo nyumbani," akasema.

Picha haikumalizika siku ile. Radhi iliombwa.

Sasa, ndugu zangu, tugeukie sisi tuliokaa humu. Nyeusi haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa kuchora mtu bila kumtazama. Sisi nasi tuna watu tuliowapaka rangi moja vichwani mwetu: yule mlevi, yule mchoyo, yule aliyetuaibisha. Tumewachora kwa kukumbuka, halafu tunashangaa mbona sura zao zinatutisha. Wewe, mara ya mwisho kumwangalia ndugu yako usoni ilikuwa lini? Na yale unayomchukia kwayo, umewahi kuyajaribu kwenye mkono wako?

Usinijibu mimi. Jina la mtu huyo limeshakujia. Ukitoka hapa, kabla hujaenda kula, pitia kwake ubishe hodi.