Mbuzi ya Nazi ya Bwana Shaweji

Lidimba, Mmakonde aliyehamia kutoka Msumbiji, alikuwa akichonga miiko, pawa na mbuzi za kukunia nazi kwenye baraza la Bwana Shaweji. Siku moja tajiri huyo aliinyakua mbuzi nzuri kuliko zote.

"Hii naipeleka kwa mke wangu, bure. Kama hutaki, hama barazani kwangu leo hii."

"Ichukue, bwana mkubwa," Lidimba alisema. "Ila mimi ni fundi hovyo. Kwetu nilikimbia baada ya mbuzi zangu kuwaangusha wake za watu watatu. Nisipomwona mkunaji ameketi, mguu mmoja lazima nitauchonga mfupi. Mwite bibi aje aketi hapa nimpime."

"Mke wangu akae barazani, watu wamtazame? Una wazimu?"

"Basi keti wewe kwa niaba yake."

Shaweji aliketi, akapewa kizio cha nazi, akaanza kukuna.

"Inama kidogo, bwana. Endelea. Macho yangu nayo mabovu, yanachelewa kuona."

Wanawake waliotoka sokoni wakasimama. "Heh! Bwana Shaweji, siku hizi zamu ya jikoni ni yako?"

"Zamu gani?" alifoka, nazi imemjaa kanzuni. "Namsaidia tu huyu mgeni kuijaribu mbuzi yake."

"Mbuzi yangu. Mmesikia, mama zangu," Lidimba aliitikia kwa sauti. "Na hapa barazani, bwana mkubwa, nihame?"

Shaweji alijipangusa kanzu.

"Uhame? Kwani nani amekufukuza?"